Siti ya Dukani Ndani ya Porsche ya Zamani

Kuna ubishi usioisha miongoni mwa wapenzi wa magari ya zamani, na ajabu ni kwamba mara nyingi hauhusu injini. Unahusu siti. Tuseme mtu ana Porsche 911 ya mwaka 1970, bodi safi, rangi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Siku moja anafungua bolti, anatoa siti mbili za mbele, na mahali pake anafunga siti za spoti alizonunua dukani. Nusu ya wenzake watampa mkono. Nusu nyingine watamwangalia kama mtu aliyeng'oa mlango wa nakshi Mji Mkongwe akaweka geti la chuma. "Gari si orijino tena," watasema, na mazungumzo yataishia hapo.

Mimi naona hapo ndipo yangepaswa kuanzia. Hilo neno "orijino" tunalitamka kwa uhakika sana, lakini ukifuatilia historia ya siti za gari hili, linaanza kubabaika. Siti ya spoti ya kununua pembeni haikuletwa na vijana wa leo. Umri wake unakaribiana na wa 911 yenyewe, na walioileta sokoni ni watu walewale waliokuwa wakitengeneza bodi za Porsche.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1906, mjini Stuttgart, Wilhelm Reutter alifungua karakana ya kutengeneza bodi. Zama hizo biashara ya bodi ilikuwa kazi ya pembeni yenye heshima yake: kiwanda cha magari kilitoa chasisi na injini, halafu mteja akaenda kwa fundi wa bodi kama anavyokwenda kwa fundi cherehani na kitambaa chake. Karakana ya Reutter ilikua ikawa kiwanda, ikapita vita kuu zote mbili, na baada ya ile ya pili ikajikuta jirani na mteja mpya. Ferry Porsche alikuwa amekimbilia Gmünd, kijiji cha Austria, ambako magari kama 50 ya kwanza ya Porsche 356 yaliundwa kwa mkono, bodi za alumini. Aliporudi Stuttgart hakuwa na kiwanda cha bodi. Reutter alikuwa nacho. Oda ya kwanza ilikuwa bodi 500 za chuma, na tangu mwaka 1950 Porsche za Zuffenhausen zilizaliwa mikononi mwa mafundi wa Reutter, pamoja na siti zake.

Mwaka 1963 Porsche ikakinunua kitengo cha bodi cha Reutter. Mwaka huohuo 911 ilionyeshwa Frankfurt kwa mara ya kwanza, ikiitwa 901, kabla Peugeot haijalalamika kwamba namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati ni zake. Familia ya Reutter ilibakiwa na nini? Ilibakiwa na siti. Kampuni ndogo iliyosalia ilikata jina la zamani vipande viwili, *Reutter* na *Carosserie*, ikaviunganisha: Recaro. Iliendelea kuiuzia Porsche siti za kiwandani, na kwenye maonyesho ya Frankfurt ya mwaka 1965 ikaweka mezani kitu kipya, siti ya spoti ambayo mtu yeyote angeweza kuinunua na kuifunga kwenye gari ambalo tayari analo.

Hebu tulitazame hili vizuri. Mwenye 911 mwaka 1966 alikuwa amekalia siti iliyotengenezwa na kampuni fulani. Akitaka iliyo bora zaidi, anakwenda dukani kununua siti ya kampuni hiyohiyo. Sasa hapo ipi ni ya kweli na ipi ni ya kubandika? Tofauti pekee ni nani alikaza bolti, na wakati gani.

Lakini kwa nini mtu aitake? Siti za kiwandani za wakati ule hazikuwa mbaya. Zilikuwa nzuri kwa namna ambayo kochi ni zuri. Gari la spoti la miaka ya 1950 lilikuwa na siti iliyorithi mawazo yake sebuleni: spring chini, juu yake tabaka la nywele za wanyama zilizofungwa pamoja kwa mpira, juu kabisa ngozi au plastiki ya kuiga ngozi. Ilikuwa pana, laini, na pembeni ilikuwa tambarare. Ukikunja kona, unateleza.

Kwa muda mrefu kuteleza huko hakukuwa tatizo kubwa, kwa sababu tairi zenyewe ziliteleza kwanza. Mambo yalibadilika pale Michelin ilipoleta tairi ya radiali mwishoni mwa miaka ya 1940 na wengine wakafuata. Gari likaanza kung'ang'ania barabara. Porsche 911 za mwanzo zilitoka na rimu za inchi 4.5, tairi zake zina upana wa milimita 165. Mwaka 1972, ilipotoka Carrera RS 2.7, rimu za nyuma zilikuwa zimefika inchi 7. Ndani ya miaka isiyofika kumi gari lilikuwa limejifunza kukata kona kwa nguvu ambayo mwili wa dereva haukuandaliwa kuihimili.

Fanya hesabu ndogo. Gari likikunja kona kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, dereva wa kilo 75 anasukumwa pembeni kana kwamba ameegemewa na mzigo wa kilo 60. Ni mfuko wa saruji na ziada. Mfuko huo unaegemea upande huu, sekunde mbili baadaye unahamia upande wa pili, na wewe unatakiwa uendelee kuendesha kwa ustadi. Kama siti haikushiki, utajishika mwenyewe. Utajishika kwa goti lililokazwa mlangoni, kwa bega, na zaidi ya yote kwa usukani. Hapo ndipo shida ilipo. Mikono iliyotakiwa kusikiliza barabara imegeuka kuwa mikono ya abiria wa daladala aliyeninginia kwenye bomba. Hawezi kuhisi kitu.

Siti ya spoti ilitatua hilo kwa umbo. Mabawa mawili kwenye mapaja, mabawa mawili kwenye mbavu, na sponji ngumu zaidi. Mwili ukishikwa, mikono inakuwa huru. Madereva wa mashindano walishalijua hili zamani, ila siti zao zilikuwa magamba magumu ambayo mtu wa kawaida asingeyavumilia kwenda nayo kazini Jumatatu asubuhi. Alichofanya Recaro ni kuleta sehemu ya ujuzi ule kwa mtu wa kawaida, tena ikiwa na mgongo wa kulaza.

Kiswahili kinamwita kiongozi wa kikao mwenyekiti, na mfalme ana kiti chake cha enzi. Katika lugha yetu kiti ni mamlaka, mwenye nacho ndiye anayeshika neno. Waganga wa pwani wana matumizi mengine: kwao kiti ni mtu, yule anayepandwa na pepo. Siti ya spoti iko karibu zaidi na hii maana ya pili. Ukishaingia humo, ni gari linalokushika wewe.

Historia hii ina upande mwingine ambao wapenzi wa orijino hawapendi kuugusa, nao ni upande wa shingo. Siti nyingi za magari ya spoti ya miaka ya 1950 na 1960 ziliishia mabegani. Tazama picha za 356 au MGB za mwanzo: mgongo mfupi, wa kupendeza, dereva anaonekana wote kwa nyuma, skafu inapepea. Gari likigongwa kwa nyuma, kiwiliwili kinasukumwa mbele pamoja na siti, kichwa kinabaki kilipokuwa, na shingo inalipa tofauti. Marekani ililazimisha egemeo la kichwa kwenye magari mapya ya abiria kuanzia Januari 1969. Kwa 911, egemeo la kichwa lilikuwa kitu cha kuongezea hadi toleo la mwaka 1974, ambalo lilikuja na siti mpya zenye mgongo mmoja mrefu hadi kisogoni. Umbo lake liliwafanya watu waziite "mawe ya kaburi." Jina la utani la kikatili, maana hizo ndizo zilizokusudiwa kuwaweka watu mbali na kaburi.

Kwa hiyo anayebadilisha siti fupi za mwaka 1967 kwa siti ndefu za dukani huenda hafanyi mbwembwe hata kidogo. Huenda amepiga hesabu ya foleni za leo, malori ya leo na breki za aliye nyuma yake. Sioni sababu ya kumcheka.

Porsche yenyewe haikuwahi kuishi kwa masharti ambayo mashabiki wake wanayaweka leo. Carrera RS 2.7, ambayo hivi sasa ni kama mali ya makumbusho, ilizaliwa ili kutimiza kanuni ya mashindano iliyodai magari 500. Yalitengenezwa 1,580. Toleo jepesi lilikuwa na uzito wa kama kilo 960, na njia mojawapo ya kufika huko ilikuwa kutoa siti za kawaida na kuweka magamba membamba. Yaani kiwanda kilifanya kilekile anacholaumiwa mwenye gereji yake: kilitazama gari, kikauliza litafanya kazi gani, kikabadilisha siti.

Ushahidi mwingine wa jambo hili upo kwetu huku. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati wa Pasaka, msimu wa masika. Porsche waliyatamani sana na hawakuyapata. Mwaka 1974 Björn Waldegård alimaliza wa pili na Carrera RS yake. Aliyemtangulia ni Joginder Singh, mtu wa Kenya, kwenye Mitsubishi Lancer ndogo. Mwaka 1978 Vic Preston Mdogo naye akamaliza wa pili na 911 SC. Ukiuliza siti ilifanya nini katika barabara zile, jibu ni tofauti na la Ujerumani. Kule adui ni kona. Huku pigo linatoka chini: korongo, jiwe, daraja lililoliwa na mvua, kilomita maelfu kadhaa kwa siku chache. Mabawa ya mbavuni yanakushika usirushwe, lakini sponji ya chini ndiyo inayoamua kama uti wa mgongo utafika Nairobi mzima.

Tangu mwaka 2003 kuna mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na 911 za miaka ya 1970 na 1980 ndizo zinazojaa humo. Waldegård alirudi akiwa mzee. Alishinda mwaka 2007 kwa Ford Escort na mwaka 2011 kwa Porsche 911, gari ambalo lilimnyima ushindi ujanani. Ukiliona gari la mashindano hayo kwa nje, ni mwaka 1974. Chungulia ndani: mabomba ya chuma, mikanda mipana, na siti za gamba za karne hii. Hakuna anayeguna. Watu wanaliona kuwa ni gari la zamani linalofanya kazi yake, na wanapiga picha.

Naona basi kwamba swali la orijino linajibiwa na matumizi ya gari kuliko tarehe ya kuzaliwa kwake. Gari la maonyesho libaki lilivyo, hata kama siti inakuchoma spring. Gari linaloendeshwa lina haki ya kumshika dereva wake.

Ila sasa tufike gereji, kwa sababu historia ikishamaliza kukupa ruhusa, fizikia haijatoa yake. Na hapa nitakuwa mkali kuliko wale watu wa orijino.

Siti ya kiwandani haikuwekwa tu mle ndani. Ilipimwa pamoja na urefu wa dari, umbali wa usukani, na pedeli, ambazo kwenye 911 za zamani zimeota kutoka sakafuni badala ya kuning'inia kwa juu. Mguu unakanyaga kwa pembe fulani, na pembe hiyo inatokana na urefu wa paja juu ya sakafu. Siti ya dukani ikikaa sentimita tatu juu zaidi, kwa sababu ya reli zake na vibao vya kuunganishia, magoti yanagusa usukani na kichwa kinakaribia dari. Ikikaa chini zaidi, mtu mfupi haoni pua ya gari. Wengi huchagua siti kwa kuikalia dukani, sakafu tambarare, hakuna pedeli. Ni sawa na kujaribu kiatu mkononi.

Baya zaidi ni kufunga kwenyewe. Siti ni nzuri kwa kiasi cha chuma ilichofungwa nacho. Shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, limeandika masharti yake kwa siti za mashindano: sehemu nne za kufungia angalau, bolti zenye kipenyo cha milimita 8 au zaidi, vibebeo vya chuma visivyopungua unene wa milimita 3, na kama ni aloi nyepesi milimita 5, huku kila sehemu ya kufungia ikiwa na bamba la kutandaza mzigo lenye mguso wa sentimita za mraba 40 dhidi ya bodi. Hiyo ni lugha ya watu waliokwisha kuona bolti ikipita katikati ya bati kama kidole kwenye chapati. Gari la miaka 50 lina sakafu ya miaka 50. Chini ya zulia kuna kutu ambayo haimwogopi mtu. Fundi anayetoboa matundu mapya manne kwenye bati hilo, akaweka washa ndogo na kukaza, amekufungia kiti cha kurukia.

Kenya ilijifunza somo linalofanana na hili kwenye matatu. Kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, kila abiria alitakiwa awe na mkanda. Jambo jema kabisa. Lakini mkanda hauwezi kushinda nguvu ya kile ulichofungiwa, na kile nacho hakiwezi kushinda sakafu.

Halafu kuna mikanda yenyewe. Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia wote ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959. Kabla ya hapo Bohlin alikuwa Saab akibuni siti za kurusha marubani nje ya ndege. Mtu wa siti tangu mwanzo. Alijua kwamba mkanda na siti ni kifaa kimoja. Ndiyo maana inanishangaza mtu anayefunga siti ya gamba kwenye gari la barabarani, akaona matundu mazuri ya mabegani, akanunua mikanda ya mashindano ya pointi nne na kuishusha hadi sakafuni nyuma ya siti. Gari likigonga, mikanda hiyo inavuta mabega kwenda chini na kuubana uti wa mgongo. FIA inataka mkanda wa bega uelekee nyuma bila kuzidi pembe ya digrii 45 kwenda chini. Kwenye gari lisilo na mabomba ya ndani, mara nyingi hakuna mahali pa kuufunga hivyo. Tena, gari likipinduka na dari likaporomoka, aliyekazwa wima kwenye siti isiyolala hana pa kuinamia. Kwa gari la barabarani, siti ya spoti yenye mgongo wa kulaza na mkanda wa kawaida wa pointi tatu inatosha. Gamba liachie wenye mabomba.

Na umri je? Siti za mashindano zenye kiwango cha FIA cha mwaka 1999 hupewa miaka mitano, kisha haziruhusiwi mashindanoni. Mtu akikuuzia moja ya mtumba akisema "hii ni ya rali kabisa," geuza utazame lebo. Mimi binafsi ningependelea siti za Recaro zilizong'olewa kwenye Mitsubishi Lancer Evolution, zile zinazolazika, ili mradi fremu haijawahi kupigwa na reli zinajifunga pande zote mbili. Siti inayojifunga upande mmoja tu inacheza, na siti inayocheza ni mbaya kuliko kochi.

Kuna kichekesho kimoja kimezaliwa na haya yote. Siti za dukani za mwishoni mwa miaka ya 1960 na za miaka ya 1970, zile zilizowahi kuitwa uharibifu, sasa zinasakwa. Watu wanazishona upya kwa kitambaa cha mirabaraba cha enzi zile, wanatafuta sponji ya umbo lilelile, na wanazifunga kwenye magari ambayo hayakutoka nazo kiwandani ili yaonekane ya zamani zaidi. Na wale wa orijino wanazitazama wakitikisa kichwa kwa kuridhika.

Ukiamua kubadilisha, tumia matundu yaliyopo. Tengeneza vibao vya chuma vinavyounganisha siti mpya na vibebeo vya zamani vilivyochomelewa sakafuni, hata kama vinakugharimu karibu sawa na siti yenyewe. Kabla hujachukua spana, vua zulia, gonga sakafu kwa bisibisi, na pakisikika pabovu shughulikia bati kwanza. Siti za zamani usiuze. Zipake dawa ya ngozi, zifunike kwa shuka la pamba badala ya nailoni, maana nailoni inafuga unyevu, na uziweke mahali panya hawafiki, bolti zake zote ndani ya mfuko mdogo uliofungwa kwenye reli.